Nusu ya Waziri wa Maji

Katika nchi ya Sitiria, ambayo msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani kwa kuwa wenyewe waliomba isichorwe, kila mtu alijua kila kitu na hakuna aliyesema chochote. Hiyo ndiyo iliyokuwa amani yao, na waliionea fahari. Wimbo wa taifa uliimbwa kwa kuguna, midomo ikiwa imefungwa. Mji mkuu uliitwa Pazia. Chama cha Stara na Maendeleo kilikuwa madarakani tangu uhuru, na kila baada ya uchaguzi matokeo yalinong'onwa badala ya kutangazwa, ili walioshindwa wasione haya.

Wasitiria walipenda kama watu wanavyopenda kwingine. Wako waliopenda kwa ndoa na waliopenda kwa kuibia. Wako wanaume waliowapenda wanaume wenzao na wanawake waliowapenda wanawake wenzao. Na wako waliojaaliwa kupenda huku na huku. Hakuna sheria iliyowakataza. Si kwamba Bunge lilikuwa na huruma. Muswada wa kukataza uliwahi kuletwa, ila ukafa kwa kukosa mbunge aliye tayari kuusoma kwa sauti.

Waziri wa Maji aliitwa Mwamvita Lukindo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti nzito na tabia moja iliyowakera mawaziri wenzake: akiulizwa swali, hujibu. Tena mabomba aliyoyafungua yeye yalitoa maji hata baada ya mgeni rasmi kuondoka, jambo lililoonekana kama kujitafutia umaarufu.

Mwamvita alikuwa mjane. Mumewe, Idrisa, alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya magereza, mcheshi, mfupi kuliko mkewe kwa kichwa kizima, na walipendana bila kificho mpaka ugonjwa wa moyo ulipomchukua. Mwamvita alimlilia miaka. Kisha siku moja ng'ombe akatumbukia kwenye mfereji wa wizara. Waziri akaenda kutazama, kwa kuwa mfereji ulikuwa wake, akamkuta mwanamke amezama matopeni mpaka kiunoni akimfunga ng'ombe kamba. Yule mwanamke, bila kugeuka, akamfokea: "Wewe mama uliyesimama hapo kama nguzo, shika mkia!"

Waziri akashika mkia. Ng'ombe akatoka. Mwanamke akageuka, akaona bendera kwenye gari, akasema, "Basi samahani, Mheshimiwa. Ila ulishika vizuri." Aliitwa Stumai, daktari wa mifugo. Huo ndio uliokuwa mwanzo.

Mwamvita hakujishangaa. Tangu usichana wake alijua kwamba moyo wake ukipenda hauulizi kwanza kama aliye mbele yake ni mwanamume au mwanamke. Idrisa aliambiwa hilo kabla ya posa. Alifikiri kidogo, akasema maadamu yeye ndiye aliyewahi kufika kwanza, hana neno. Na Mwamvita alipokuwa na Idrisa hakumtamani mwingine. Sasa Idrisa hayupo, na aliyekuja ni Stumai.

Majirani walijua. Walinzi walijua. Hata Rais alijua, na kwenye dhifa alikuwa akimuuliza, "Daktari wa ng'ombe hajambo?" kwa sauti ya mtu anayeulizia ng'ombe. Maadamu hakuna aliyesema, mambo yalikuwa shwari.

*

Taabu ilianzia kwenye Chemchemi ya Mtitiriko, inayonywesha wilaya zote za mashariki. Shemeji yake Spika wa Bunge alikuwa ameipenda. Alitaka kuizungushia ukuta, ayajaze maji kwenye chupa, awauzie watu wale wale waliokuwa wakiyateka bure. Kila mkubwa alikuwa keshakubali. Ilibaki sahihi ya Waziri wa Maji tu, na Waziri wa Maji alikataa.

Ndipo alipotumwa Bwana Mkumbukwa Tege, Katibu wa chama wa Itikadi, Uenezi na Unyamazishaji. Alikuja ofisini asubuhi na kikapu cha machungwa, akaketi kabla hajakaribishwa.

"Dada Mwamvita," akasema, "chama kinakupenda."

"Nashukuru, kaka. Sisaini."

"Sijasema habari za kusaini. Nasema habari za kupenda. Na katika kupenda, dada yangu, wewe una mapana yako." Akachagua chungwa, akaanza kulimenya. "Tunajua habari za yule daktari."

"Mnajua tangu mwaka juzi. Ulituletea zawadi ya sikukuu, ukaandika majina yote mawili."

"Tunajua, ndiyo. Ila hatujasema." Ganda la chungwa likashuka mezani kama utepe. "Usiposaini kufikia Ijumaa, tutasema."

Mwamvita alilisukuma ganda pembeni. Katika nchi ya Sitiria mtu aliweza kuiba, akaoa kwa siri, akajenga nyumba juu ya barabara ya umma, na bado akazikwa kwa heshima. Lakini mtu aliyesemwa, amesemwa.

"Chukua na kikapu chako," akamwambia.

"Kikapu ni cha chama," akasema Mkumbukwa kwa upole, akakiacha.

Jioni Mwamvita alimkuta Stumai uani akisugua matope kwenye buti zake, akamsimulia yote bila kuketi.

"Saini basi," Stumai akasema.

"Halafu watu wa mashariki wanywe nini?"

"Basi usisaini."

"Watasema, Stumai."

"Nani? Mkumbukwa? Atasema vibaya. Huyo hata kutoa salamu anakosea." Akaweka buti chini. Alipomtazama vizuri mwenzake, mzaha ukamtoka. "Unaogopea uwaziri?"

"Uwaziri wautwae. Naogopa watasema sikumpenda Idrisa. Watasema miaka ile yote nilijificha nyuma yake. Na yeye hayupo wa kuwajibu."

Stumai akageukia dirisha la sebule. Picha ya Idrisa na tarumbeta yake ilikuwa ukutani sebuleni, juu ya kochi analokalia yeye kila siku. Hakuwahi kuomba iondolewe.

"Basi sema mwenyewe, kabla yao," akasema. "Lakini useme yote. Usije ukanitaja mimi ukamwacha yeye. Nitaona aibu kukaa chini ya picha yake."

*

Alhamisi ilikuwa zamu ya Wizara ya Maji kujibu maswali bungeni. Mbunge mmoja aliuliza habari za pampu iliyoharibika, na Waziri akaeleza itatengenezwa lini. Kisha hakuketi.

"Mheshimiwa Spika, kwa kuwa nimeshasimama, niseme na hili. Nimeambiwa kwamba kesho nitasemwa, na mimi sipendi mtu anifanyie kazi yangu. Nilimpenda mume wangu, marehemu Idrisa, na nilimpenda kwelikweli. Sasa nampenda mwanamke. Mimi ni mtu wa kupenda wanaume na wanawake, ndivyo nilivyo tangu utoto wangu. Sikumpenda yule kwa kukosea, wala simpendi huyu kwa kujisahihisha. Ahsante."

Feni za dari zikasikika. Mbunge mmoja aliyekuwa amelala aliamka kwa sababu ya ukimya. Spika alikuwa ameongoza vikao muda mrefu bila kusikia jambo lolote. Akavaa miwani, akaivua, akasema:

"Waheshimiwa, Waziri wa Maji amepatwa na kikohozi. Tumpe pole."

"Pole!" likaitikia Bunge zima, kwa furaha ya watu waliookolewa.

Kumbukumbu rasmi za siku ile zinasema hivi: *Mheshimiwa Waziri alijibu kuhusu pampu, kisha akakohoa kwa muda.* Gazeti la serikali likaandika ukurasa wa kwanza, WAZIRI AKOHOA BUNGENI, na ndani wataalamu wakatoa maoni yao kuhusu vumbi la msimu ule. Waziri wa Afya akampelekea dawa ya maji, na siku ya pili akatangaza kwa fahari kubwa kuwa mgonjwa amepona kabisa kwa dawa iliyotengenezwa nchini. Wabunge kadhaa wanawake walimletea asali. Mmoja wao, mama mtu mzima aliyevaa ushungi wa kijani, alimkabidhi chupa, akamsogelea sikioni, akanong'ona, "Umekohoa vizuri, mwanangu." Kisha akaondoka mbio.

Mtu mwingine angeridhika. Mwamvita alikwenda redioni, kwenye kipindi cha moja kwa moja kuhusu kubana matumizi ya maji. Mtangazaji alianza kwa kumuuliza kama kikohozi kimetulia.

"Sikukohoa," akasema Waziri, na akarudia yote, polepole, Idrisa na Stumai, kwa maneno ambayo hata mtoto asingeyaita mafua.

Mtangazaji, mtu mzoefu kazini, alibonyeza wimbo wa kwanza uliokuwa karibu na kidole chake. Ukawa wimbo wa harusi. Taifa zima likausikia mpaka mwisho.

*

Baada ya hapo hapakuwa na pa kujificha. Jirani mmoja akaacha kumsalimia, mwingine akaanza. Mtu alivunja kioo cha zahanati ya Stumai kwa jiwe, na Stumai akafagia vioo, ila usiku huo hakula. Wafugaji waliwapeleka ng'ombe wao kwa daktari mwingine, wakawarudisha walipogundua kwamba huyo mwingine anaogopa ng'ombe. Kiongozi wa dini akayaombea mabomba ya nchi yasiingiliwe, na waumini wakaelewa anamsema nani. Na nje ya posta mwanamume mmoja mwenye mvi alimsimamisha Mwamvita, akaukamata mkono wake kwa mikono yake miwili, akafungua kinywa, akashindwa, akaenda zake.

Rais alitaka kumfukuza. Lakini Katiba ya Sitiria ilisema waziri atafukuzwa wakati wowote, mradi sababu isomwe hadharani kwa kinywa cha Rais. Hili la kupenda, Rais hakuwa tayari kulisoma. La chemchemi lilisomeka vibaya zaidi. Wakafikiria kutumia kikohozi, lakini Waziri wa Afya alikuwa keshatangaza kupona.

"Tutafute sababu inayosemeka," akaagiza Rais, akaenda kupumzika.

Mkumbukwa Tege akaitafuta na akadhani ameipata. Kama Mwamvita alimdanganya mumewe, basi ni mdanganyifu, na udanganyifu ni neno la kawaida ambalo Rais huweza kulitamka hata akiwa anakula. Kamati ya Maadili ya chama ikakutana, na kama shahidi mkuu akaitwa Bi Kidawa, mama mzazi wa marehemu Idrisa.

Mwamvita alimwona anaingia na mkongojo wake. Hawakuwa wameonana tangu lile la redioni. Bi Kidawa hakumtazama. Alikaa, akatandaza kanga yake magotini.

"Shikamoo, mama," akasema Mkumbukwa.

"Marahaba."

"Mama, unamfahamu Mheshimiwa huyu?"

"Mkwe wangu."

"Alikuwa mkwe wako."

"Aliyekufa ni mwanangu. Ukwe sijasikia umezikwa wapi."

Mkumbukwa akatabasamu kwa ajili ya Kamati. "Sawa, mama yetu. Kamati ingependa kujua kama Mheshimiwa alimdanganya marehemu."

"Alimdanganya nini?"

Kamati ikatazamana. "Kuhusu… yale," akasema Mkumbukwa.

"Yale yapi?"

"Yale ya… kikohozi."

"Aa! Kwamba anapenda na wanawake?" Mjumbe mmoja akaangusha kalamu, akainama kuitafuta, na hakuinuka tena mpaka kikao kilipokwisha. "Mwanangu aliniambia kabla hatujapeleka posa. Nikamwambia atafute mwingine. Akakataa. Basi nikanuna. Nilinuna mpaka siku ya harusi, na harusini nikanuna."

"Umeona, mama," Mkumbukwa akadakia, "kwa hiyo wewe mwenyewe ulikuwa na mashaka."

"Sijamaliza. Idrisa akaugua. Mwaka mzima yuko kitandani. Huyu akitoka huko kwenu anavua viatu, anamwosha mwenyewe, anamnyoa, anamgeuza. Anamshikia tarumbeta mdomoni, mwenzake apulize japo sauti moja. Mimi niliyemzaa nilichoka. Yeye sikumwona akichoka." Akamgeukia Mkumbukwa. "Wewe baba, mkeo atakunyoa?"

Mwenyekiti akaelekeza swali hilo lisiandikwe.

"Hayo ya daktari wa ng'ombe sijayapenda," Bi Kidawa akaendelea, akisimama, "na wala hamjaniuliza. Lakini mwanangu alipendwa. Hilo mliandike."

Akatoka bila kumtazama mkwewe. Mwamvita aliinamisha uso mezani, na Kamati, kwa adabu ya nchi ile, haikuona kwamba analia.

*

Sasa Kamati ilikuwa kwenye matata. Ilikuwa imethibitisha kwamba Waziri alimpenda mumewe kweli. Ilikuwa imethibitisha pia lile jingine. Wajumbe wakabishana mchana kutwa, maana walizoea kumpokea mtu au kumfukuza, na huyu hakukubali kukaa upande mmoja. Mwishowe Mkumbukwa, ambaye hakupewa cheo kile bure, akaja na ufumbuzi, na Mwenyekiti akausoma:

"Kwa kuwa Kamati imeridhika kwamba Mheshimiwa alimpenda mwanamume, na kwa kuwa Kamati imeridhika kwamba Mheshimiwa anampenda… mtu mwingine, na kwa kuwa haiwezekani mambo hayo mawili kukaa ndani ya mwanachama mmoja, Kamati inaamua kwamba Mheshimiwa ni wanachama wawili, nusu kwa nusu. Nusu iliyompenda marehemu inapongezwa na itaendelea na uwaziri. Nusu nyingine inasimamishwa."

Kukazuka mjadala kuhusu nusu hiyo ni ipi. Mjumbe mmoja aliyewahi kusomea uuguzi akakumbusha kwamba moyo uko kushoto, na kwa kuwa ni mambo ya moyo, ikasimamishwa nusu ya kushoto.

Uamuzi ukatangazwa redioni, na utekelezaji ulikuwa makini. Bendera ya gari lake ikakunjwa katikati. Walinzi wakaagizwa wampigie saluti wakiwa wamesimama upande wake wa kulia tu, hivyo akigeuka ghafla walizunguka mbio kumfuata. Kwenye Baraza la Mawaziri alipewa kiti cha kawaida kilichochorwa chaki katikati. Magazeti yakachapisha picha zake zikiwa zimekatwa puani.

Mwamvita alivumilia, akawa hata anachekesha watu kwa kusimulia. Lakini jioni moja alipoingia nyumbani, Stumai akamuuliza kwa utani, "Leo nimeletewa nusu ipi?" na Mwamvita akatupa mkoba sakafuni.

"Na wewe?"

"Nilikuwa natania."

"Najua ulikuwa unatania! Wote wanatania. Kutwa nzima naambiwa huyu wa Idrisa akae hapa, huyu wa Stumai angoje nje. Mimi sina wawili. Niliyemwosha Idrisa ndiye huyu huyu anayekupashia chakula. Mkono ule ule."

Stumai aliokota mkoba, akauning'iniza mahali pake. "Nimekosa," akasema. "Njoo ukae." Wakakaa, bega kwa bega, mpaka chakula kikapoa.

*

Wakati huo shemeji yake Spika alikuwa keshanunua chupa. Zilirundikwa kwenye maghala, zikajaza madarasa ya shule mbili, na mwenyewe akawa anapiga simu kila asubuhi. Mkumbukwa akarudi ofisini kwa Mwamvita, safari hii bila machungwa, akaweka hati ya chemchemi mezani upande wa kulia.

"Tumekuja kwa ile nusu yetu," akasema. "Nusu aminifu, iliyopongezwa. Tafadhali isaini."

Mwamvita akainua mkono wa kulia, akautazama kama mgeni. "Nusu hii haijui kuandika, kaka. Mimi natumia mkono wa kushoto."

Ilikuwa kweli. Jengo zima lilijua. Karani wake alikuwa akimpangia wino upande ule tangu siku ya kwanza. Mkumbukwa akaguna kama wimbo wa taifa.

"Tumia huo wa kushoto basi."

"Umesimamishwa. Nikiutumia ni utovu wa nidhamu."

Akaitwa Mwanasheria Mkuu. Akasoma vitabu, akarudi na uso wa kufiwa. Sahihi ya nusu ya waziri, alisema, haina nguvu kwa mkono wowote ule. Chemchemi haikabidhiwi mpaka Waziri awe mzima.

"Basi tunakurudisha," akasema Mkumbukwa. "Leo hii. Kimyakimya."

"Kimyakimya sirudi. Nusu mliitangaza redioni. Na uzima wangu mtautangaza huko huko. Mtamtaja Idrisa kwa jina, na mtamtaja Stumai kwa jina. Na uusome wewe."

"Na tukifanya hivyo, utaandika?"

"Nikiwa mzima, nitaandika."

Mkumbukwa akasikia alichotaka kusikia, kama ilivyo ada ya kazi yake. Jumamosi, baada ya taarifa ya habari, Wasitiria walimsikia Katibu wa Itikadi, Uenezi na Unyamazishaji akitoa azimio la dharura kwa sauti ya mtu anayemeza mwiba wa samaki:

"Chama kinatambua kwamba Mheshimiwa Mwamvita Lukindo ni mtu mmoja. Kwamba alimpenda marehemu Idrisa, mwanamume, na kwamba anampenda Daktari Stumai, mwanamke. Kwamba mapenzi hayo yote mawili ni ya mtu huyo mmoja, na… hayampunguzi kitu. Chama kinaamini hivyo, na kimeamini hivyo siku zote."

Hakuna wimbo uliopigwa. Mji wa Pazia ukatulia. Kisha katika nyumba moja, na nyingine mtaa wa pili, watu wakaanza kuulizana mambo mezani. Nasikia baadhi ya mazungumzo hayo yaliendelea mpaka asubuhi, na kwamba si yote yaliyokwisha vizuri. Lakini yalianza.

Sherehe ya kusaini ilifanyika kwenye chemchemi yenyewe. Palikuwa na turubai, bendi, mawaziri, na shemeji yake Spika akiwa amebeba chupa ya kwanza kama mtoto wa kumpa jina. Watu wa mashariki walisimama mbali na ndoo zao. Mwamvita akaketi, bendera yake imekunjuliwa, walinzi wakampigia saluti pande zote. Akaichukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Akaandika neno moja, akatia sahihi chini yake, akagonga mhuri.

Spika akaivuta hati, akavaa miwani. Neno lenyewe lilikuwa *Nakataa*.

"Hii si halali!" akapaza sauti Mkumbukwa.

Mwanasheria Mkuu akaitazama kwa muda mrefu. "Ni halali kabisa," akasema kwa huzuni. "Amekataa mzima."

*

Rais hakuweza kumfukuza, kwa kuwa sababu bado hazikusomeka. Akafanya alichoweza. Jumatatu alilihutubia taifa, akasema kwamba maji ya Sitiria yamekomaa, yamepevuka, na sasa yanaweza kujisimamia. Kwa hiyo Wizara ya Maji imevunjwa. Alishangiliwa sana. Wiki ile ile Mwanasheria Mkuu akagundua kwamba, kwa kuwa chemchemi haikabidhiwi bila sahihi ya Waziri wa Maji, na kwa kuwa hatakuwapo tena Waziri wa Maji, chemchemi haitakabidhiwa kwa mtu yeyote, milele. Aliona ni jambo la busara asiseme. Chupa zilibaki madarasani, na wanafunzi wanazikalia hadi leo.

Mwamvita akarudi nyumbani kwa miguu, mkoba begani, bila gari wala bendera. Siku za mwanzo hakujua afanye nini na asubuhi zake. Akawa anamfuata Stumai mazizini na kushika mikia.

Alasiri moja wakiwa uani, geti likafunguliwa. Alikuwa Bi Kidawa, mkongojo mkono mmoja, na mkono wa pili kuku aliyefungwa miguu. Mwamvita akasimama. Bi Kidawa na Stumai hawakuwahi kuonana.

"Shikamoo, mama," akasema Stumai. Sauti yake, iliyozoea kufokea mafahali, ilitoka nyembamba.

Bi Kidawa alimtazama kuanzia nywele mpaka buti, kisha akarudia kuanzia buti mpaka nywele.

"Marahaba," akasema mwishowe. Akamnyooshea kuku.

Stumai akampokea kwa mikono miwili kama inavyostahili. Na hapo, kwa kubabaika, badala ya kushukuru akafanya anachokijua. Akamfungua kuku mdomo, akamwinua bawa, akamsikiliza kifua.

"Mama," akasema, "kuku huyu ni mgonjwa."

Mwamvita alifumba macho. Uani pakawa kimya kama Bunge.

"Mgonjwa wa nini?" akauliza Bi Kidawa.

"Mafua. Tena ya siku nyingi. Hafai kuliwa. Lakini nikimpa dawa atapona."

"Yule mwuza kuku!" Bi Kidawa akagonga mkongojo chini. "Nilimwona tu macho yake." Kisha akamgeukia Mwamvita, na uso wake mkali ukaanza kulegea pembeni mwa mdomo, asitake.

"Wewe mtoto, watu hawa huwa unawatoa wapi? Idrisa naye ulipomleta siku ya kwanza kula kwangu kama mume wa mtu, akaniambia pilau yangu imezidi chumvi. Mama yake mzazi!" Akavua viatu mlangoni. "Haya, nipisheni. Jikoni ni wapi? Na wewe daktari, ukishampa dawa huyo, unawe mikono uje unimenyee vitunguu."